Turubai Katikati ya Sebule

Rungwe,
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Kamwene, baba. Nakusalimu wewe na mama, na wote mnaoota moto hapo jikoni. Masikio yako yanaendeleaje? Kaka Peter aliniambia umekataa kabisa kushika simu, unasema inakupigia kelele bila kukuambia kitu, ndiyo maana nimechukua kalamu. Mgongo wa mama umepata nafuu? Na baridi ya Igowole, imeshaanza kuunguza majani ya viazi? Sisi huku hatujambo. Naanza na hilo makusudi, ili usiisome barua hii roho ikiwa juu. Sote tu wazima, na kimbunga kimepita.

Najua mlisikia redioni. Wataalamu wa hali ya hewa walisema kitaingia kutoka baharini, kitapungua nguvu kikifika nchi kavu, lakini sisi wa huku milimani tujiandae kwa mvua kubwa na upepo. Jirani yetu Veneranda, mama ambaye mdomo wake haujui likizo, alicheka sana. Alisema yeye bahari hajawahi kuiona, huo upepo wake utamjuaje? Kesho yake nilimwona juu ya banda la kuku akifunga bati kwa waya.

Mambo yalitukuta vibaya kidogo. Mama mkwe alikuwa amekwenda Kyela kumuuguza dada yake. Jofrey alikuwa Mwanjelwa kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio, na nilimsihi asisafiri kwa barabara ile mbovu. Nyumbani tukabaki wawili: mimi katika nyumba ya matofali aliyoijenga Jofrey, na baba mkwe katika nyumba yake ya zamani ya miti na udongo. Katikati ni migomba na banda la mbuzi.

Hapa lazima nikueleze jambo ambalo nililificha wakati wa uchumba, nikihofia utasema nirudi nyumbani. Kwa Wanyakyusa wa rika la mzee huyu, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Nikisikia kikohozi chake njiani naingia migombani mpaka apite. Siingii kwake, yeye haingii kwangu, na jina lake silitaji. Hata hapa sitaliandika. Wengi wameshaiacha mila hii, na Jofrey mwenyewe aliniambia si lazima. Lakini mzee anaishika, na mimi sikutaka kuwa mkamwana anayekuja na digrii yake kumvunjia mtu mzima heshima. Kwa hiyo tangu niolewe nilimfahamu kwa mgongo, kofia na kikohozi. Siku ya kuniaga ulisema mbele ya watu kwamba nakwenda kupata baba wa pili. Ukweli ni kwamba nilipata baba wa kusikilizwa tu, kama redio. Unanijua nilivyo, nikipewa jambo dogo nalifikiria mpaka linakuwa kubwa. Kuna siku nilikaa nyuma ya mgomba nikalia, si kwa sababu alinikosea, ila kwa sababu alipita akipiga mluzi kama wewe unavyopiga ukitoka shambani.

Mama mkwe ndiye alikuwa daraja letu. Alipoondoka, nilikuwa naweka chakula kwenye kigoda nje ya mlango wa jiko, nakohoa, naingia ndani. Naye anakuja, anachukua, anakohoa, anaondoka. Tulikohoa mpaka mtu angedhani tuna kifua kikuu.

Onyo la kimbunga lilipotoka, kukohoa hakukutosha tena. Ndipo mzee akaanza kuzungumza na mbuzi. Alimfunga karibu na ukuta wangu, akapanda juu ya paa langu na viroba vya udongo kuyakandamiza mabati, akaanza kumuuliza kwa sauti kubwa kama wanawake wa siku hizi wanajua kwamba madirisha ya upande wa ziwa ndiyo yatakayopokea upepo. Nikiwa jikoni nilimwambia mbuzi amjulishe aliyeko juu kwamba madirisha hayo yamepigiliwa mbao tangu asubuhi, na kwamba wanawake wa siku hizi wamesoma. Nikasikia kicheko kutoka juu. Baba, ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia akicheka.

Tulifanya kazi hadi mchana kwa mtindo huo. Nilichimba mfereji kuzunguka nyumba, nikaingiza kuni na mahindi, nikakata majani ya migomba iliyoinamia paa. Yeye alifunga kenchi za paa kwa waya, akimwelekeza mbuzi mahali ninapopaswa kuweka jembe. Veneranda alipita, akasimama, akashika kiuno. Alisema sisi wawili tutakufa kwa adabu, na siku ya msiba atakayesoma wasifu wa marehemu ni huyo mbuzi.

Lakini utani huo ulinichoma, kwa sababu mzee alitumia muda wote kwenye nyumba yangu. Yake hakuigusa. Jofrey alikuwa amenipigia simu, akaniomba nisimwache baba yake ndani ya nyumba ile, kwa kuwa ukuta wa nyuma ulishaanza kuachana na nguzo. Nilimwambia mbuzi kwamba nyumba yangu ina nafasi. Mzee akamjibu mbuzi kwamba mwanamume haingii kwa mkamwana wake hata kukinyesha mawe. Nikasema basi mimi nitakwenda kwa Veneranda, yeye alale humu. Hapo alikasirika kweli. Alisema mke wa mwanawe hatafukuzwa kwenye nyumba yake na mvua, halafu akasikia sauti yake ilivyopanda, akamwomba mbuzi radhi. Mawingu yalikuwa yameshashuka mpaka kwenye mashamba ya chai, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikimwona kwa mgongo akielekea kwenye ukuta ule ule ulioachana.

Aliyetuokoa ni Veneranda. Alikuja na turubai lake la kuanikia mahindi, akalifunga kwenye kenchi katikati ya sebule yangu, kutoka ukuta hadi ukuta. Akampigia mzee kelele kwamba sasa ni nyumba mbili: ya kwake mlango wa mbele, ya mkamwana mlango wa jiko, na asiyeridhika akamshitaki yeye kanisani. Mzee alifikiri sana. Mwisho alikubali kwa sharti moja, kwamba mbuzi naye aingie. Ndivyo ilivyokuwa, baba. Usicheke peke yako, msomee na mama.

Upepo ulifika alasiri. Sijui nikuelezeje. Haukuja kama upepo wetu wa Mufindi unaopita na kwenda zake. Huu ulikaa juu ya nyumba, ukawa unaijaribu kila kona, kama mtu anayetafuta ufunguo. Migomba ilikuwa inalala moja baada ya nyingine. Mabati yalipiga kelele lakini viroba vilishika. Kisha tukasikia kishindo kizito upande wa pili. Mzee akasema taratibu, mbuzi, umesikia, nyumba yetu imelala. Nilikaa chini sakafuni, nikimshukuru Mungu kwa turubai la Veneranda.

Kabla giza halijaingia upepo ulikuwa umeondoka, ikabaki mvua tu. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya mzee ulikuwa umeangukia kitanda chake, paa likafuata. Mume wa Veneranda alimpakia mzee kwenye pikipiki hadi hospitali Tukuyu, maana ilibainika kwamba bati la paa langu lilimchana mguu wakati anafunga waya wa mwisho, na hakumwambia mtu. Walimshona, wakamchoma sindano ya pepopunda, wakasema jeraha lilifungwa vizuri, la sivyo damu ingepotea nyingi zaidi. Watu wote wanajua kwamba alijifunga mwenyewe. Ndivyo alivyowaambia, na mimi nilinyamaza.

Baba, hakujifunga mwenyewe. Nakuambia wewe peke yako, kwa sababu siwezi kulibeba peke yangu na sijui kulisema kwa mtu wa huku.

Upepo ulipokuwa mkali, maji yaliingia chini ya mlango wa mbele, yakapita chini ya turubai mpaka upande wangu. Yalikuwa mekundu. Nilimuuliza mbuzi hiyo damu ni ya nani. Mzee akajibu kwamba ni ya mbuzi. Nikauliza tena, sikujibiwa. Nikaita, "Baba," bila kupitia kwa mtu wala mnyama, na bado kimya. Niliposhika lile turubai mkono wangu ulikuwa mzito kuliko siku niliyoapa madhabahuni. Nikalifunua.

Alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, buti lake la mvua limejaa damu. Nilidhani nitaona uso wa kutisha, kwa jinsi nilivyoukimbia. Nilikuta uso mwembamba wa mzee tu, ndevu zimenyolewa upande mmoja vibaya, kwa kuwa anayemnyoa alikuwa Kyela. Nilipomvua buti alizinduka, akajifunika uso kwa kofia, akaniambia nifumbe macho. Nilimwambia nikifumba macho nitafunga mguu wa mbuzi. Kofia ikatikisika, alikuwa anacheka humo ndani. Nikachana kitenge nilichovaa, kile nilichopewa na mama mkwe siku niliyoletwa, nikafunga kwa nguvu, nikauinua mguu ule mapajani mwangu, nikaushikilia mpaka damu ikapungua. Nilikuwa nawaza kwamba mguu wake una nyufa kama wako.

Kisha nikarudi upande wangu, nikashusha turubai. Baada ya muda nilimsikia akimwambia mbuzi kwamba alichokiona asikiseme. Halafu akaongeza: mwambie mwanangu, ndaga. Kwao ndaga ni asante. Hakusema mke wa Jofrey.

Mama mkwe alirudi Alhamisi. Nilimwogopa. Jana alikuja jikoni na kipande cha kitenge kilichofuliwa na kukunjwa, akakiweka juu ya meza. Alisema upepo huo ulikuwa mkali kweli, umepeperusha nguo ya mtu mpaka mfukoni mwa koti la mume wake. Nikainama. Akavuta kigoda, akakaa karibu nami, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kidonda kilikuwa na kina kirefu. Nilimweleza yote. Alinishika bega, akaanza kunisaidia kumenya ndizi.

Jofrey amekuja na mafundi wanainua upya nyumba ya wazee. Mpaka itakapokwisha, wanaishi upande wao wa sebule nasi upande wetu, na turubai halijaondolewa. Mbuzi amerudishwa bandani, alikuwa anakula mazulia. Nilidhani bila yeye tutarudia kukohoa. Lakini leo, baada ya ibada, nikiwa nimeshaanza kukuandikia, sauti ilitoka upande wa pili ikauliza kama huko Igowole upepo ulifika, na kama baba yake yule binti yuko salama. Jofrey alifungua mdomo ajibu, mama yake akamkanyaga mguu. Nikajibu mwenyewe kwamba yuko salama, ila masikio yanamsumbua. Sauti ikasema kwamba nikikuandikia nikusalimie sana, na kwamba mtu wa kuinua nyumba hawezi kusafiri sasa, lakini baada ya mavuno atakuja kukuona.

Kwa hiyo pokea salamu zake, baba. Mpe mama salamu zangu na za Jofrey, na Peter umwambie asiuze ule mti wa parachichi kabla sijaja. Lala salama, na usihangaike juu yangu.

Ni mimi binti yako,
Faustina