Inchi Moja Mbele

3 Machi

Kimya wangu,

Mzima? Mama ameamkaje? Mimi sijambo, ila vumbi la kambi hii ya kazi linanikohoza kama pikipiki mbovu. Simu huku bado ni pambo, basi tuendelee na karatasi.

Nasikia pikapu mpya imefika. Ilivyotoka kiwandani, pua iko chini na mkia juu, na ile njia yetu ya mawe itaing'oa bampa. Ipelekeni kwa fundi ainyanyue inchi mbili, mbele na nyuma, Mama afike kliniki salama. Mjomba wako aendeshe tu, asichague. Huyo atatuwekea matairi ya trekta. Chagua wewe. Na uongee, mwanangu. Fundi hasomi macho.

Baba yako

14 Machi

Shikamoo Baba,

Pole na kikohozi. Mama yuko vilevile. Miguu imevimba, lakini mdomo mzima.

Tulikwenda naye gereji. Niliongea kidogo kidogo hadi fundi akasema, "Binti, hapa si maktaba." Alinieleza kuwa anaweza kunyanyua gari lote, au kuweka vipande vya chuma juu ya springi za mbele tu, pua ilingane na mkia. Nikamwomba kwanza apandishe magurudumu juu ya mbao, Mama ajaribu.

Kwa inchi mbili alishindwa. Mjomba akataka kumbeba, Mama akampiga kofi mkononi. "Mimi si gunia! Na huyo shemeji yako, anataka nipande gari au dari?"

Kwa inchi moja alipanda mwenyewe. Akafunga mkanda, akakataa kushuka.

Basi nimechagua inchi moja, mbele tu. Bampa huenda likakwaruzika. Utakasirika?

Binti yako

25 Machi

Kimya, bosi wangu,

Mko salama? Nimekasirika sana, nimecheka hadi mpishi wa kambi akaja kuchungulia. Inchi moja iwe inchi moja. Mkumbushe fundi anyooshe na magurudumu, la sivyo usukani utavuta upande. Likizo yangu ni Juni. Nitamwendesha Mama mwenyewe.

Baba yako

6 Mei

Shikamoo Baba,

Natumaini kikohozi kimepoa. Barua zako zote zilifika. Sikujibu kwa sababu kila nikitaka kuandika "Mama hajambo" mkono unagoma.

Alipanda mwenyewe safari chache. Sasa mguu haufiki. Kubebwa hataki, kwa hiyo kliniki haendi. Jana nilirudi kwa fundi peke yangu, nikamwambia atoe vile vyuma. Akauliza, "Nilishushe hadi wapi?" Nikamwonyesha kwa mkono, chini ya goti. Akaniangalia, akasema gari halishuki zaidi ya lilivyozaliwa. Nikalia palepale, mbele ya wateja.

Baba, usisubiri Juni.

Binti yako

11 Mei

Kimya,

Pole, mwanangu. Nimepata ruhusa, nafika stendi Jumamosi. Mwambie Mama nitambeba mimi. Mimi hanikatai. Nilishambeba siku ya harusi, baba yake akiangalia.

Baba yako

18 Mei

Shikamoo Baba,

Pole na safari. Barua hii nampa Mjomba akupe kabla hujapanda gari, maana yeye hataweza kusema.

Nilimsomea Mama barua yako Alhamisi. Akacheka kwa pua. "Huyo sawa. Huyo ana ruhusa." Akataka nimsuke akupokee vizuri. Nilipomaliza upande mmoja akasema amechoka, tutaendelea kesho. Jana asubuhi hakuamka.

Nimemalizia upande wa pili. Mama wa jirani alitaka kunisaidia, nikakataa.

Leo wanaume wamekuja kumtoa chumbani. Nimesimama mlangoni, Baba, nikawaambia hapana, mpaka walioko uani wakanisikia. Wamesema nimechanganyikiwa. Shangazi amenivuta mkono. Sijatoka. Naandika nikiwa nimeegemea mlango huu huu.

Njoo umbebe.

Binti yako