"Hapo Kale" Kwenye Karatasi ya Shamba

Dutwa, Bariadi
9 Novemba 2024

Kaka yangu Luhaga,

Mwangaluka. Mimi na watoto hatujambo, ila nyumba ya marehemu baba bado nzito kuingia. Na huko Lamadi, shemeji anaendeleaje na mgongo wake? Barua hii nampa kondakta kwa sababu maneno yake yananishinda kwenye simu.

Unaijua karatasi ya baba mdogo Ndalahwa, inayosema baba alimpa shamba la bondeni. Jumanne kikao cha ukoo kilikaa, ikasomwa: "Hapo kale nilimpa mdogo wangu Ndalahwa." Nikasimama. Nikawaambia hapo kale ni neno la hadithi za sungura na fisi, baba hakuwa nalo. Jambo lililopita alilitaja kwa mwaka wake: mwaka wa nzige, mwaka ng'ombe mwekundu alipozaa pacha. Hata nikimtoa nyuzi za pamba kwenye nywele, alisimulia hivyo hivyo.

Nikasema karatasi imetungwa baada ya msiba. Baba mdogo akacheka, akauliza yeye asiyejua kuandika hata jina lake angetunga vipi. Nikamjibu kwamba waandishi wa kukodi wamejaa Bariadi mjini. Shangazi Nyanjige akanisuta kuwa darasa la saba limenipanda kichwani. Lakini wazee walinisikiliza mimi. Baba mdogo amekatazwa kukanyaga shambani kuanzia mwisho wa mwezi, na ameshalilima lote.

Karatasi nikapewa niitunze. Nilipoifungua nyumbani, kaka, niliona mwandiko wangu. Nilikuwa darasa la tano. Baba alisema kwa Kisukuma, "Mwaka ule wa mvua kubwa." Mimi nikaona hayo hayafai kwenye karatasi ya maana, nikaanza kama mwalimu alivyotufundisha kuanza insha. Baba akatia dole gumba bila kuuliza. Baba mdogo alikuwa machungani, hakujua nani aliandika. Nami nilikuwa nimesahau kabisa.

Leo siku ya nne karatasi iko chini ya godoro, sijamwambia mtu. Jana baba mdogo alipita na jembe begani, akanisalimia vizuri kama siku zote, nikajifanya nachambua mchicha.

Nimeomba kikao kirudiwe Jumamosi ijayo. Njoo ukae karibu nami. Kama huji, usinipigie simu kunishauri, maana wewe ndiye uliyeniambia nisilegeze, na karatasi haikawii kuungua, kiberiti kipo hapa mezani.

Msalimie shemeji, na mwanao Method mpe pole ya mitihani.

Mdogo wako,
Milembe