Shahidi wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimesimamia wosia. Mimi! Miaka tisa nilikuwa karani wa mahakama, nawabebea mawakili majalada na kuwaitia kesi zao. Sasa digrii ninayo, niko kwenye mafunzo ya uwakili – asubuhi darasani, mchana ofisini kwa Bosi, wakili anayenilea kikazi. Imebaki fomu moja tu. Bosi akitia sahihi kabla ya Ijumaa jioni, naingia mtihani wa mwisho. Asipotia, nasubiri mwaka mzima.

Mteja ni mzee, fundi saa mstaafu. Ijumaa anapasuliwa moyo. Nyumba anamwachia bintiye, ndiye anayemuuguza. Wanawe wawili wa kiume, anasema, humkumbuka wakisikia yu mahututi. Bosi alikuwa mahakamani, kaniachia kila kitu. Nikaandika, nikamsomea mzee neno kwa neno, akatia sahihi, na mashahidi wawili wakatia zao. Dakika arobaini! Mzee kasema nina mkono mwepesi. Nyumbani Mama kaniuliza nimekula nini, mbona nacheka peke yangu.

Jumanne, 4 Machi

Jirani yangu darasani tunamwita Kamusi, maana hana asilolijua. Kauliza wosia ulikwendaje. Nimemsimulia mara mbili. Ya pili sikuombwa.

Jumatano, 5 Machi

Mungu wangu.

Mwalimu karudia mambo ya mirathi kwa ajili ya mtihani. Kasema kitu ambacho nakijua, nilishakijibu chuoni nikapata alama zote: anayeachiwa mali kwenye wosia asiwe shahidi wa wosia huohuo. Akitia sahihi, fungu lake limekwenda na maji. Wenzangu wote wanaandika. Kalamu yangu imesimama.

Shahidi wangu wa kwanza alikuwa katibu muhtasi. Wa pili alitakiwa awe mhudumu wa ofisi, lakini alikuwa ametoka kula. Masjala kule mahakamani tulikuwa na mtindo wetu – karatasi ikitaka shahidi, aliye karibu ndiye anayetia sahihi. Basi nikageuka. Aliye karibu nani? Binti! Nikampa kalamu kwa mkono wangu, yeye mwenyewe wa kuachiwa nyumba. Mzee akifa kesho kutwa, kaka zake watamtoa nje kwa karatasi yangu. Mjuaji mkubwa mimi!

Kamusi kaniona, kaelewa, kaninong'oneza: ngoja fomu isainiwe kwanza, mengine baadaye, mzee atapona tu. Nimemwambia asinizoee. Halafu nimeliwaza hilo njia nzima hadi nyumbani. Hapa sina wa kumdanganya.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia Bosi. Asubuhi, hata koti hajavua. Hotuba niliyoiandaa ilinipotea yote. Nikasema tu kwamba binti nilimfanya shahidi mimi, kwa haraka zangu.

Kavua miwani, kaifuta, kaivaa. Kauliza nani mwingine amegundua. Nikasema hapa ofisini hakuna.

"Basi kwa nini umekuja kuniambia?"

"Kwa sababu mzee kesho anapasuliwa, na anaamini nyumba imeshafika kwa mtoto wake."

Kasema niandike wosia mwingine, na kesho asubuhi tuonane hospitali. Leo mzee yuko kwenye vipimo, haonekani. Fomu yangu ilikuwa mezani, chini ya kikombe cha Bosi. Hakuigusa.

Aibu nimeiona, tena aibu ya kutaka ardhi ipasuke. Lakini nilipotoka pale nilitembea kama mtu! Mama nimemweleza yote. Kasema mficha uchi hazai, akaenda kunipigia pasi shati la kesho. Sifa yake simnyimi, huyu mama kanilea.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwenye benchi la koridoni, nje ya wodi. Bosi yuko pembeni yangu anasoma gazeti, ukurasa uleule tangu tumekaa. Fomu sijui iko wapi, na sitauliza. Mzee anapelekwa chumba cha upasuaji saa tatu. Daktari yuko naye ndani.

Wauguzi wawili wamekubali kuwa mashahidi. Si ndugu zake, na hawaachiwi hata kijiko. Nimemuuliza kila mmoja mara mbili, mpaka mmoja kaniambia, dada, tumekusikia.

Binti nimemweleza ukweli hapahapa. Nimekosea mimi, si wewe wala baba yako. Kanitazama weee. Hakunishukuru, hakunitukana. Kasema tu kaka zake wako njiani. Kisha akaenda kusimama mwisho wa koridoni, mbali na mlango, kama nilivyomwomba.

Saa tatu kasorobo. Mlango umefunguliwa. Muuguzi anasema mzee hatii sahihi popote mpaka aelezwe ile karatasi ya kwanza ina kasoro gani, na kasoro ya nani. Tuna dakika kumi. Anaongea na Bosi – kaona suti.

Bosi hajainua macho kwenye gazeti.

"Jalada ni la huyu," kasema.

Nimeshasimama, naandika nimeegemea ukuta. Sijawahi kujiona mkubwa hivi. Binti ananitazama kutoka kule mwisho. Nyuma yake lifti imefunguka, wametoka wanaume wawili wanaofanana na mzee. Naingia.