Sukari ya Eda

Luanda Kotieno
14 Januari 2025

Kwako kaka Ridhwan,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, isipokuwa goti la Mama ambalo kila asubuhi lina malalamiko mapya. Anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Nimemwambia atazame mashavu yako kwenye picha.

Nakuandikia barua pepe kwa sababu simu hupokei. Mchana unalala, usiku unasema uko kazini. Na tena sasa mimi ni msomi, kaka! Ile kozi ya mtandaoni uliyonilipia karo imeanza. Somo la kwanza linaitwa Utangulizi wa Mifumo ya Habari. Mwalimu wetu, Bwana Wechuli, anasoma slaidi neno kwa neno kama karani wa korti, na kompyuta iliyo kwenye picha zake ni nene kama friji. Wenzangu wanaandika "nipo", wanazima kamera, wanaenda zao. Juzi mmoja alisahau kuzima maikrofoni, tukamsikia akikoroma mpaka mwisho wa kipindi. Inakera, lakini nimekaza roho. Nikiimaliza hii, wenye ghala la barafu pale bichi wamesema watanichukua ofisini. Nikishindwa, nitaanika omena, hivi vidagaa vya ziwa, mpaka nizeeke.

Na unajua nasomea wapi? Mtandao unashika mahali pamoja tu, nyuma ya bichi, pale wanapomwaga matumbo ya samaki. Naketi juu ya jiwe, leso puani, inzi wanatembea juu ya skrini, na makorongo wananisubiri nife. Nikirudi, Mama ananiambia nioge kwanza ndipo nimsalimie.

Hata hivyo, kazi ya kwanza nimeipenda. Tueleze mfumo wa habari tunaoujua wenyewe, hata kama hauna kompyuta: habari inaingia vipi, inatoka vipi, na jibu linarudi vipi. Mimi nitaandika juu ya mabeseni ya Mama. Si kila mwanamke hapa hufunga kitambaa chake kwenye beseni la omena, beseni likapanda feri peke yake mpaka Mbita, na wateja wa kule wakajua ni la nani? La Mama ni kitambaa cha leso ya kijani. Halafu ule mwaka Baba alipofariki, Mama akakaa eda, hatoki nje, jirani yetu Mama Akinyi akawa anampelekea mabeseni kwenye feri. Siku moja kile cha kijani kilikatika, akaokota kitambaa cheupe mlangoni kwetu, akakirarua, akafunga. Maskini, mtu wa kanisa, angejuaje kwamba ile ni bafta iliyobaki kwenye sanda ya Baba? Waislamu wenzetu wa Mbita walipoona sanda kwenye beseni la Mama Ridhwan, walielewa msiba umeingia kwake kabla hawajapigiwa simu. Mabeseni yakarudi na sukari ya rambirambi ndani. Na Mama aliposikia kilichofungwa, alicheka mpaka akalia, mara ya kwanza tangu mazishi.

Niambie kama huo si mfumo.

Mdogo wako,
Zamzam


Kisumu
17 Januari 2025

Mdogo wangu Zamzam,

Waalaikum salaam. Nimefurahi kusikia mko salama. Mama mkandie goti kwa maji ya moto, nitatuma dawa ya kuchua. Mimi mzima, usingizi tu ndio haba. Hizi kazi za mtandaoni za kusaidia wanafunzi hazina saa.

Hongera kwa masomo. Ila nakuomba kitu kimoja: achana na mabeseni. Andika juu ya kutuma pesa kwa simu, au maktaba, au hospitali. Walimu hawa nawajua, wanapenda kitu walichokizoea. Tena habari za Baba na eda ya Mama ni za nyumbani. Si za kupeleka kwa watu ili zipewe alama.

Ukikwama popote niulize mimi kwanza.

Kaka yako,
Ridhwan


Luanda Kotieno
10 Februari 2025

Kaka Ridhwan,

Assalaam alaikum. Mama mzima. Dawa ya goti ilifika. Mimi usiniulize.

Niliandika juu ya mabeseni, sikukusikiliza. Jana nimepata sifuri. Bwana Wechuli anasema kompyuta ya chuo imekuta kazi yangu inafanana na ya mwanafunzi wa muhula uliopita, na ameniandikia kwamba wizi ni wizi hata ukifanywa na msichana mpole. Nimeitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Nikikutwa na hatia, nafukuzwa.

Ameniletea hiyo kazi ya mwenzangu, jina limefunikwa. Nimeisoma pale pale kwenye jiwe langu. Beseni lipo. Kitambaa cheupe kipo. Mama Akinyi yupo, ila amebadilishwa jina. Sukari ipo. Na chini kabisa kuna mtoto wa kike ambaye baada ya mazishi alikuwa akilala chini ya kitanda cha babake, akikumbatia viatu vyake, mpaka kakake akamvuta usiku na kumrudisha kwenye mkeka.

Hilo sikuliandika mimi, Ridhwan. Hata Mama halijui. Tunalijua watu wawili tu, na mmoja ni mimi.

Harufu ya matumbo nimeizoea, nakula hata mandazi pale. Lakini nilipofika kwenye viatu vya Baba nilitapika. Nasubiri uniambie kwamba nimekosea.

Zamzam, mdogo wako


Kisumu
12 Februari 2025

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Hujakosea.

Nisikilize kabla hujanitukana. Kuna watu wana kazi, wana watoto, wanataka cheti na hawana muda. Wananipa nenosiri lao, nasoma kozi kwa jina lao, naandika, nafanya mtihani. Hiyo kozi yako ya utangulizi nimeisoma kwa majina ya watu wengi kuliko vidole vyangu. Naweza kumkariri Wechuli pamoja na kukohoa kwake. Kisumu hii vijana wengi wanakula hivyo, sikuianzisha mimi.

Siku ile nilikuwa nimechoka. Nilishaandika maktaba, hospitali, shule, yote yamekwisha. Kazi ilitakiwa asubuhi. Nikaandika nilichokuwa nacho moyoni, na ikatoka vizuri. Nilidhani itasomwa na mtu mmoja na kusahauliwa.

Na wewe usijifanye malaika. Hiyo karo yako unadhani imetoka wapi? Na dawa ya goti?

Usinitaje kwa kamati. Nikitajwa, wateja wote watakimbia na tutalala njaa sote. Nipe siku chache, nitalirekebisha. Mama asijue.

Kaka yako,
Ridhwan


Luanda Kotieno
24 Februari 2025

Kaka,

Assalaam alaikum. Mama anakusalimu, maana bado hajui.

Leo asubuhi Bwana Wechuli ameniomba radhi. Anasema nimesafishwa. Yule mwanafunzi wa muhula uliopita, Elsie, wa kule Ahero, ameandikia chuo barua ya kukiri kwamba habari hiyo aliisikia kwangu kwenye feri akaiiba. Niliruka pale kwenye jiwe mpaka korongo mmoja akapaa. Nikasema alhamdulillahi, kaka yangu ana utu, amemwendea huyo dada na kumwomba aseme ukweli.

Halafu nikaletewa nakala ya barua yenyewe. "Kwa moyo uliopondeka na kichwa kilichoinama." Ridhwan, hayo ni maneno uliyomwandikia mwalimu mkuu ulipovunja dirisha la shule, na ni mimi niliyekushikia tochi. Hata kwa Kiingereza nimekutambua. Elsie hajakiri chochote. Nenosiri lake bado unalo, umeingia humo na ukaungama kwa niaba yake bila yeye kujua.

Sasa naambiwa ni yeye atakayeitwa mbele ya kamati. Nimeuliza, ni msichana wa duka la dawa, anasimama kutwa nzima. Ndiyo, alikulipa, na hilo ni lake la kujibu. Lakini kuungama nako unamfanyia? Hivi kuna kitu cha mtu usichoweza kukiandika ukaweka jina la mwingine? Unanitia kinyaa. Nimeandika neno hilo, nikalifuta, nikaliandika tena, kwa sababu sina lingine.

Kikao ni tarehe kumi na tisa Machi. Waandikie wewe mwenyewe, kwa jina lako. Usiponifanyia hilo, nitasema mimi, hata wakinirudishia sifuri yangu.

Naisubiri barua yako.

Zamzam


Luanda Kotieno
1 Aprili 2025

Ridhwan,

Assalaam alaikum. Idi Mubarak. Hukuandika. Ramadhani nzima nilikuwa nafungua simu kabla ya daku, nikidhani labda. Basi nakueleza yaliyotokea, usije ukayasikia kwa watu.

Siku ya kikao nilienda kwenye jiwe langu, kwa kuwa niliitwa kama shahidi. Mama alinifuata na goti lake, maana alishachoka kuniona nikifuturu maji matupu. Akaketi kando, pua imefunikwa, akitukana inzi. Kwenye skrini walikuwa Bwana Wechuli na wenzake wawili, na Elsie nyumbani kwao Ahero. Wechuli, kwa ule upole wake wa kusoma slaidi, kama aliyesahau kabisa ile barua ya kukiri, akaanza: "Kwanza, Elsie, kamati inakupa pole kwa kufiwa na mzazi wako, kama tulivyosoma kwenye kazi yako."

Nyuma ya Elsie kulikuwa na mzee mwenye fulana, anakula nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye bakuli. Akainua kichwa.

"Ati nani amekufa?"

"Baba, ngoja kwanza," Elsie akasema.

"Ningoje nini? Mimi ndio Laban, baba yake hii msichana. Nani amesema nimekufa? Yawa, mimi nimelima mchele asubuhi hii!"

Elsie akaangua kilio. Akasema hajawahi kuisoma kazi ile hata siku moja, kulikuwa na mtu wa kumfanyia. Barua ya kukiri ndiyo kwanza anaisikia. Wale wawili wakaanza kumfokea kwamba sasa anadanganya mara ya pili, afukuzwe. Mimi nikafungua maikrofoni na nikakutaja. Jina lako lote, na jina la Baba nyuma yake, kisha nikawaeleza ya sanda, ya sukari na ya viatu.

Mama alikuwa pale pale ubavuni mwangu.

Wechuli akauliza watajuaje kwamba habari hii ni yetu. Mama akaninyang'anya simu. Akasema, "Mwalimu, hiyo sanda nilikata mimi. Hiyo sukari nilikunywa mimi. Hiyo ya viatu ndiyo sikujua, nisomeeni." Wakamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, makorongo wakigombania matumbo nyuma yake. Kisha akasema, "Ameandika vizuri huyu kijana," akanirudishia simu na kushika njia ya nyumbani peke yake. Kutoka siku hiyo hajakutaja.

Mimi nimepewa alama zangu. Elsie amefutiwa kozi, ataanza upya, na atasoma mwenyewe. Jina lako limepelekwa kwa walimu wote. Karo ya muhula ujao usitume, nimeomba ghala la barafu wanipe kazi ya nusu siku.

Jana ilikuwa Idi. Mama alipika tangu alfajiri, na sikumwuliza anampikia nani. Mchana tukasikia hodi. Nilikimbia mlangoni, Mungu ananijua, nikidhani ni wewe.

Ni Elsie, na gunia dogo la mchele wa Ahero kichwani, na mzee Laban nyuma yake. Mzee akavua kofia akamwambia Mama, "Mama, mimi ndio ule marehemu. Nimekuja kusema pole." Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Elsie hakucheka. Alipiga magoti akasema nisamehe Mama, nilikuchukulia mume wako nikamwita baba yangu, na hata jina lake sikulijua. Mama akamwambia anaitwa Salim, simama ule.

Akampakulia kwenye sahani yako. Mama alijua ni yako. Elsie amekula akamaliza, akaiosha mwenyewe, na Mama amemwambia arudi Idi Kubwa.

Sikukatazi kuja. Nakupa tu habari ya waliokuja.

Zamzam binti Salim