Gari la Kijani la Kichiwa

Makambako,
3 Machi 2024

Kamwene mwanangu Rejoice,

Natumaini hujambo huko Njombe na baridi haijakumaliza. Mimi mzima, ukiacha goti na haya masikio ambayo mashine ya mbao iliyachukua zamani na haikuyarudisha. Ndiyo maana nakuandikia. Simu kwangu ni kipande cha sabuni tu, na meseji zako zinaisha kabla sijavaa miwani. Barua hii nampa Linus, konda wa Coaster ya asubuhi. Ukipita stendi mdai.

Unakumbuka lile gari la kijani kwenye filamu tuliyokuwa tunaangalia kwenye kibanda cha video cha Ebeneza kule Kichiwa, Jumapili tukitoka ibadani? Wewe ulikuwa mapajani mwangu, mama yako pembeni na karanga kwenye khanga. Kila lilipotokea ulikuwa unanivuta sikio, "Baba, tengeneza hilo." Basi nalitengeneza.

Nimepata bodi ya Corolla ya zamani kwa Mzee Hilari. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha nyuma, na mmoja hajakubali kuhama mpaka leo. Injini yake ilishaoza, kwa hiyo natia ya Mark Two iliyopata ajali, silinda sita. Ni ndefu kuliko nafasi yenyewe. Nimekata bati la mbele, nimesogeza rejeta, nimechomelea vishikizo vipya vya injini. Watu wakipita gerejini wanasimama, wanatikisa kichwa, wanaondoka. Angalau wanasimama.

Wateja wamepungua tangu mama yako aondoke, na siwalaumu. Unajua tulivyokuwa tunafanya: mimi kichwa ndani ya boneti, Esnath mama yako nyuma yangu, mkono begani, ananigongea kwa kidole jinsi injini inavyopiga. Injini ikiruka pigo, na kidole kinaruka. Sasa naweka kiganja juu yake, naona inatetemeka, lakini kutetemeka kila injini inatetemeka.

Siku ya kuiwasha nataka uwepo. Nahitaji masikio yako. Na hujafika nyumbani tangu tulipomzika.

Ni mimi baba yako.


Mjimwema, Njombe,
17 Machi 2024

Shikamoo baba,

Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Goti linaendeleaje? Lifunge sufi, usijifanye kijana. Barua yako imenifikia ikinuka oili. Niliinusa kwanza ndipo nikaisoma.

Gari nalikumbuka, na karanga nazikumbuka. Huyo kuku mwache, yeye ndiye mwenye gari.

Huku parachichi zimekuja nyingi. Kutwa tunasimama tukichambua, za kwenda nje upande huu, zilizopata mkwaruzo upande ule. Jioni narudi chumbani. Flora tuliyekuwa tunapanga pamoja amehama, kwa hiyo napika ugali wa mtu mmoja. Sijui vipimo vyake, kila siku unabaki.

Nitakuja baba, msimu ukipungua.

Mwanao,
Rejoice


Makambako,
12 Mei 2024

Mwanangu Rejoice, kamwene,

Marahaba. U mzima? Na mimi nipo, goti nimelifunga kama ulivyoamuru.

Injini imekaa. Propela shafti, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, ilikuwa ndefu, nimeikata nikaifupisha, nimekosea, nimeikata tena. Rangi imenisumbua kuliko yote, maana madukani hakuna kijani kile. Nimechanganya mwenyewe, najaribia kwenye mlango wa choo, nasubiri ikauke, narudi kutazama. Sasa ule mlango una mabaka kama chui mgonjwa, lakini rangi nimeipata. Gari lote limeshapakwa. Ukiliona utajua ni lenyewe.

Linus ananiandikia kwenye kiganja kwamba malori ya parachichi yamepungua barabarani. Mimi nauliza tu.

Kila Jumamosi natandika kitanda chako, Jumapili jioni nakitandua. Nyumba ni kubwa, Rejoice. Nimeanza kuongea na yule kuku, na yeye pia simsikii. Kwa kweli nimechoka kukaa peke yangu.

Ni mimi baba yako.


Mjimwema, Njombe,
2 Juni 2024

Shikamoo baba,

Habari za hapo nyumbani? Mimi mzima, ila vidole vinakufa ganzi asubuhi, baridi imefika yenyewe.

Nikuambie kitu. Juzi nilikuwa na hamu na nyinyi, wewe na mama, nikamwomba Jane wa kazini anitafutie ile filamu kwenye simu yake. Tumeipata. Baba, lile gari ni la njano. Njano kabisa, kama ndizi mbivu. Ile runinga ya Ebeneza ilikuwa imekufa rangi nyekundu, ndiyo maana njano yote tuliiona kijani. Unakumbuka watu wa mle walivyokuwa na nyuso kama majani ya kabichi? Mimi nilidhani ndivyo walivyo huko kwao. Kichiwa nzima tulidhani hivyo.

Nimekuambia kabla hujalitoa barabarani, watu wasije wakakucheka.

Na lingine. Msimu ulishapungua tangu mwezi wa nne. Nauogopa ule mlango wa jikoni. Kila nilipokuja, mama alikuwa anatoka pale na unga mikononi, ananikumbatia kwa viwiko ili asinichafue. Nikifika na asitoke, nitafanyaje?

Mwanao,
Rejoice


Mjimwema, Njombe,
7 Julai 2024

Shikamoo baba,

Hujambo? Naomba unijibu hilo tu. Linus anasema anakuona umekaa gerejini lakini humpi kitu. Nimeshuka stendi kila jioni mpaka wale wauza mahindi ya kuchoma wananiita mke wa konda.

Kama ni ile habari ya rangi, nisamehe. Ningekaa kimya.

Mwanao,
Rejoice


Makambako,
28 Julai 2024

Kamwene mwanangu,

Mimi mzima. Marahaba zako zote mbili hizi hapa, nilikuwa nazo tu.

Nilikasirika. Si kwako, sijui kwa nani. Kwa Ebeneza labda, na runinga yake. Miezi yote ile natafuta kijani ambacho hakikuwepo. Basi nikanunua kopo la rangi ya njano. Nikasema moyoni, likiwa kama lile la kweli, huenda Rejoice akaja. Nikatoa msasa. Nikafungua kopo, nikakaa nalo.

Mama yako aliliona la kijani. Alikufa akijua ni la kijani. Nikilipaka njano nitakuwa nimetengeneza gari la watu wengine, na mimi watu hao siwajui. Nimefunika kopo. Kesho yake nimelifungua tena, nimepaka mlango wa choo, ulikuwa unahitaji.

Halafu nikaiwasha injini peke yangu. Nilishindwa kusubiri. Moshi ulitoka, boneti ikatetemeka, nikainama kama kawaida. Nikasimama pale nasubiri kidole begani. Mtu mzima mimi, nimesimama nasubiri. Nikaizima.

Ule mlango wa jikoni na mimi nauogopa. Sijawahi kukuambia. Tangu siku ile napitia mbele, hata nikiwa na ndoo ya maji.

Jumapili tarehe kumi na moja Agosti, nikitoka ibadani, nitaiwasha mara moja zaidi. Usipokuja sitakulaumu. Lakini injini nitaitoa nimpe anayejua kusikiliza, na bodi nitamrudishia kuku.

Ni mimi baba yako.


Makambako, ndani ya gari,
11 Agosti 2024

Shikamoo baba,

Sikuulizi hali kwa sababu nakuona. Umevaa koti la kanisani na mikono ina grisi, mama angekusema. Naandika kwenye daftari langu la kazini, maana nikiongea utaona mdomo tu. Usinitazame mimi, soma.

Ulikuwa hujarudi kutoka ibadani nilipofika. Nimepita mlango wa jikoni. Hakutoka mtu. Nimesimama pale nikalia mpaka nikamaliza, kisha nimeingia, nimewasha moto, nimekanda unga. Kuna chapati kwenye sufuria ya bluu. Wakati wa kula tutapita wote mlango ule, wewe na mimi, na goti lako.

Gari ni lenyewe. Kijani ni kile kile. Kuku yuko nyuma yangu na hanipendi.

Ukimaliza kusoma washa, halafu shuka ufungue boneti uiname kama zamani. Mimi nitakuwa nyuma yako. Nitakachosikia nitakugongea. Injini ikiruka, na kidole changu kitaruka, sitakudanganya.

Naishia hapa baba. Mkono nauhitaji.

Mwanao,
Rejoice