Baba Yako Bado Yumo Kwenye Orodha ya Moa

Raskazone, Tanga,
4 Septemba 1956.

Mwanangu mpendwa Beatrisi,

Shikamoo uliyoituma ndani ya barua yako ya Julai nimeipokea kwa mikono miwili: marahaba, mwanangu. Hujambo lakini? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimekuachia? Na ndizi za Bukoba umezizoea sasa, au bado unazizungusha sahanini kama mgonjwa? Sisi huku hatujambo. Mama yako nilimwona Jumapili Pongwe. Goti linamuuma ila mdomo haumuumi. Alinisema tangu kanisani mpaka nyumbani kwa sababu sijakuandikia miezi miwili. Nimekosa, nisamehe.

Kilichoninyamazisha ni kazi. Tangu Julai nimeazimwa kwa daktari mmoja mgeni aliyeletwa kusoma kila ripoti iliyoandikwa katika miaka kumi iliyopita juu ya maradhi ya pwani hii na uhaba wa wauguzi na madresa, hao wafunga vidonda na watoa dawa wa vijijini, kisha atoe muhtasari mmoja. Kwa muhtasari huo madresa sita wapya watapangiwa vijiji. Amepewa nyumba hapa Raskazone, nasi tunakaa barazani kutwa, yeye na miwani yake, mimi na mashine yangu ya taipu. Zile karatasi zikirundikwa zinanifika kiunoni.

Mwanzoni nilijiona mtu mkubwa. Sasa nazionea kinyaa. Watu wa kijiji cha Moa peke yao wamepimwa choo mara tatu katika miaka minane. Bwana wa kwanza akagundua wana safura. Wa pili, baada ya kumsifu wa kwanza, akagundua wana safura. Wa tatu akasema wenzake hawakuhesabu vizuri mayai ya minyoo, akahesabu upya, na wana safura. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba aliwaachia dawa. Wazee wa watu wamevuliwa nguo, mabusha yao yakapimwa kwa futi ya fundi cherehani na kupigwa picha, kisha wakaambiwa asante, nendeni. Wewe unayesomea kuuguza, niambie hiyo ni elimu gani.

Iliyonichefua zaidi ni ripoti ya bwana mmoja aliyeandika kwa nini madresa wanaacha kazi vijijini. Kurasa arobaini! Anasema ni uvivu, hofu ya uchawi na kupenda starehe za mjini. Hakumuuliza dresa hata mmoja, aliwauliza wakubwa wao. Nikamkumbuka baba yako, miaka kumi na miwili pale Moa, chumba kimoja, bati linavuja juu ya kitanda cha wagonjwa, na dawa zenyewe ni kwinini, chumvi ya haluli ya kusafisha tumbo na ile ya zambarau ya kupaka vidonda. Akiomba bandeji anaandikiwa asubiri. Alichana mashuka yake mwenyewe, mama yako ni shahidi. Starehe za mjini! Nilitoka nikatema mate uani, Daktari akabaki kunitazama.

Basi wiki tatu zilizopita tukafika kwenye orodha za watumishi. Kaa kitako kwanza, mwanangu. Imeandikwa: Moa, dispensari moja, dresa mmoja, Fanueli, yuko kazini. Hiyo ni orodha ya mwaka 1951, na ilikuwa kweli. Ya 1954 inasema hivyo hivyo. Ya 1955 imenakili ya 1954. Baba yako tulimzika Juni 1953, nawe ulikuwepo. Kwa hiyo Daktari ameikata Moa kwa kalamu nyekundu. Wana mtu, hawahitaji mwingine.

Jumamosi iliyofuata nikapanda basi kwenda Moa, nikidhani labda aliletwa dresa mwingine bila sisi kupata habari. Nikakuta mlango una kufuli lenye kutu na mbuzi wamelala ukumbini. Nyumba ya jirani akatoka Bibi Mwanakhamis, yule aliyekuwa akimfagilia baba yako na kuwasaidia wanawake wanapojifungua. Nilimwamkia, akaitikia kwa shingo upande.

"Mwaja kutupima tena?" akasema. "Siye twapimwa tu, mwanangu. Dawa hatuzioni, wala mtu hatumwoni."

Kisha akanieleza habari za mjukuu wake, mtoto wa miaka minne. Mwezi wa Julai alishikwa na homa kali, wakamfunga kwa kanga kwenye baiskeli wamlete Tanga. Alikufa kabla hawajaifikia barabara kubwa. "Angalikuwapo Fanueli, angempa kwinini asubuhi ileile," akasema. Sikuweza kumtazama usoni, na sababu yake nitakueleza hapa chini.

Jumatatu nikamwambia Daktari. Si mtu mbaya, wala hanitukani, na chai hunipa. Ndiyo maana ananiudhi zaidi. Alisema kazi aliyopewa ni kupima yaliyoandikwa, na yale anayoyaona karani siku ya mapumziko si ushahidi. Nikamwambia huyo dresa ni kaka yangu, jeneza lake nililibeba kwa bega hili hili. Akaniuliza kama ninayo karatasi. Nikamkumbusha kwamba mshahara wa marehemu ulikatwa mwezi uleule aliokufa, maana hapo hakuna aliyekosea! Akajibu kuwa mtu hukatiwa mshahara kwa mambo mengi.

Sasa lililobaki ni langu, nami nalisema kabla hujalisikia kwingine. Orodha ya 1954 niliipiga taipu mimi. Nilipewa ile ya 1951, nikaambiwa niwaondoe waliotoka na niwaingize walioingia. Nilipofika kwenye jina la kaka yangu, vidole vilikataa. Nikasema moyoni, mimi sitamfuta, atamfuta mwingine. Nikaandika yuko kazini, nikaenda kunywa maji. Huyo mwingine hakutokea, nami sikuuliza. Miezi yote hii nawatukana wageni na karatasi zao, kumbe iliyooza kuliko zote imetoka mikononi mwangu. Najichukia, Beatrisi. Nikimkumbuka yule mtoto kwenye baiskeli, naacha sahani mezani naenda kukaa uani.

Hata hilo nimemwambia Daktari. Alivua miwani, akaifuta, akaniuliza, "Kama uliandika uongo mwaka ule, Asheri, nitajuaje kwamba leo unasema kweli?" Huenda kazi ikaniponyoka, na nikifukuzwa sitalalamika.

Karatasi ninayoijua mimi ni moja tu, nayo unayo wewe. Ni ile hati ya mazishi aliyoiandika mchungaji kwa mkono wake, yenye muhuri wa kanisa, uliyokwenda nayo ulipoombewa nafasi ya masomo. Mchungaji mwenyewe ameshatangulia, na kitabu cha mazishi cha mwaka ule kimeliwa na mchwa, nimekwenda kukitafuta. Mama yako ameniambia kwamba hati hiyo unaiweka ndani ya Biblia, na kwamba huna kitu kingine chenye jina lake, maana kupigwa picha hakutaka. Najua ninachokuomba. Itume kwa rejesta, ifike kabla ya tarehe thelathini, kwa kuwa siku hiyo muhtasari unapelekwa Dar es Salaam. Sikudanganyi kwamba utarudishiwa. Watu wa ofisi wakishaipata karatasi hawaiachii tena.

Mama yako Nakijwa anakusalimu sana na anataka kujua kama unavaa sweta. Mama yako mdogo naye anakusalimu, na Zebedayo mdogo wako, ambaye mwaka huu amekuwa mrefu hata mlangoni anainama. Bibi Mwanakhamis hakunipa salamu. Ila aliponisindikiza kituoni aliniuliza kama ni kweli binti wa Fanueli anasomea kazi ya baba yake, nikamwambia ni kweli. Alinifungia mihogo mitatu kwenye jani la mgomba, akarudi kwake.

Mungu akulinde huko uliko, akupe mkono mwepesi na moyo usiochoka kwa wagonjwa wako. Hati ikifika nitaiweka mezani mbele ya Daktari, kisha orodha nitaipiga upya mwenyewe, kwa vidole hivi hivi, nimtoe baba yako kazini. Ameshika zamu miaka mitatu tangu tumzike. Inatosha, apumzike.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye ingawa nimekukosea,

Asheri