Mshahara wa Mathe Uliendelea Kuingia

Butembo, tarehe 4 Mei 2025

Mpendwa yaya Gamaliel, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari ya Kampala? Mgongo wako umepoa? Sisi tunaamka, tunakula, tunalala. Mama kule Vuhovi anakusalimu, anasema umezidi kunyamaza.

Tangu tumzike mume wangu Mathe mwezi wa pili, watu wananisifu kwamba nina nguvu. Si nguvu, yaya. Sisikii kitu moyoni. Nafundisha, nasahihisha madaftari, narudi, basi.

Uliniuliza kuhusu mshahara wake wa ualimu. Ni kweli, uliendelea kuingia. Benki ilituma ujumbe kwenye simu yake kama zamani, na binti yetu Léa akaniletea: "Maman, telefone ya papa inalia. Balimulipa tena." Namba ya siri naijua. Ulishauri nitoe kimyakimya, kwa sababu Léa yuko mwaka wa mwisho, na mimi serikali haijaanza kunilipa. Naishi kwa kile wazazi wanachochanga shuleni. Directeur wetu wa shule naye alisema, "Sisi hatutasema kitu, maman. Kamata, somesha mutoto."

Sikugusa. Unakumbuka desturi ya Mathe: feza yote mezani, sote tukitazama, fungu la kanisa, la chakula, la masomo, la wageni, na mwisho kafungu kake kadogo ka soda. Mshahara ukichelewa aligawa maharagwe, eti tusisahau kupanga. Tulimcheka sana. Sasa ningegawaje feza yake bila yeye? Nilipeleka cheti cha kifo kwenye ofisi ya elimu ili wausimamishe mshahara. Usinikasirikie. Nimeanza kuuza maharagwe ya mama sokoni ili Léa amalize, lakini bado haitoshi. Ukiweza kutusukuma kidogo, nitashukuru.

Juzi walimu walilipwa. Simu ya Mathe haikulia. Léa alitandika kitambaa mezani, akachota maharagwe, akaanza kugawa mafungu. Aliyaweka yote, hata kale ka soda ya baba yake.

Ndipo nikalia, yaya. Nililia mpaka jirani akaja. Jioni tuliyapika, lakini kale kafungu kadogo bado kako mezani.

Msalimu wifi yangu Abigaïl pamoja na watoto. Mungu awafunike kwa mkono wake huko ugenini.

Dada yako mdogo akupendaye,
Joyeuse